Tarumbeta la Ngusa

Teddy, nimetoka kwa mjomba Maximilian sasa hivi. Nilimuuliza tu kwa nini aliacha muziki. Kumbe!

Mwaka tisini na saba bendi yao ya Ifakara ilipata nafasi ya kurekodi Dar. Wakaenda wote, pamoja na Ngusa, mpiga tarumbeta, yule Msukuma wa kijiji cha Mbingu.

Prodyuza akawatazama, akacheka. "Wote hawa wa nini? Nataka mwimbaji tu. Vingine vyote kinanda kitapiga."

Teddy, kinanda! Tarumbeta la Ngusa kwa kidole kimoja!

Mjomba akasema, "Bila wenzangu hakuna wimbo." Jamaa akamjibu, "Basi rudini kwenu. Waimbaji wamejaa mlangoni."

Ngusa ndiye aliyemwambia, "Imba, kaka. Angalau mmoja wetu asikike."

Akaimba. Sauti ilimkauka, lakini jamaa akasema inatosha, watu watacheza tu.

Na kweli walicheza! Kanda ikapigwa kila baa. Siku moja Ngusa akalisikia lile tarumbeta la bandia, akaweka glasi chini, akatoka. Hakupiga tena maisha yake yote.

Nikamuuliza mjomba angefanya nini tofauti. "Sijui, mwanangu. Mpaka leo sijui."

Halafu akaniomba nizime redio, maana ilikuwa inalia vinanda vitupu.