Chai Yenu ya Hotelini

Mama,

Mama Georgette amekuja na ameshaondoka. Jana nilimsindikiza mpaka uwanja wa ndege wa Luano, na niliporudi nyumbani nikajikuta nasukuma mlango huku nikiita, ili nikupe habari zikiwa bado moto kama ulivyopenda. Niliita kwa sauti kabisa, Mama. Halafu nikakumbuka. Ndiyo maana nakuandikia.

Agizo lako sikulisahau. Ulikuwa umelala upande wa dirisha, sauti imekwisha, nami nikainama nikidhani utaniambia mambo ya nyumba au ya misa. Kumbe: "Georgette akikuya, umupeleke ku oteli, munywe chai. Usimulete hapa alie. Yee alishalia ya kutosha." Nikakuitikia ndiyo. Siku ile ningekuitikia ndiyo kwa jambo lolote.

Nilijua chai hiyo ilitoka mbali. Wewe na yeye mlikuwa wasichana wa kambi ya reli, na kila mkitoka misa mlichungulia kupitia ua wa miti wa hoteli ile ya mjini, mkawaona wanawake wamekaa barazani na vikombe vidogo. Mkaapa kwamba siku moja na nyinyi mtakaa pale. Halafu Mama Georgette akaolewa Kinshasa. Kila alipokuja kututembelea mlivaa, mkapaka midomo rangi, mkachukua mikoba, na mlipofika mlangoni mmoja wenu akasema tukae kidogo kwanza. Jikoni! Juu ya viti vya plastiki! Mimi nilikuwa narudi kazini giza likiingia, nawakuta bado mmevaa viatu vya kutokea, birika limekauka, mnacheka mpaka mnashika mbavu. "Tutaenda kesho," ulikuwa unaniambia kabla sijauliza. Kesho hiyo ilichukua maisha yenu yote.

Safari hii mlijidai hamna mchezo. Mlinunua kitenge cha aina moja, kile cha buluu chenye ndege wa manjano, yeye akashona chake Kinshasa na wewe ukashona chako hapa. Chako ulikivaa mara moja. Mimi na Mama mdogo Leoni ndio tuliokuvalisha siku ya kukuzika, nami nikakosea vifungo. Mama Georgette hakuwepo. Alikuwa hospitalini amepasuliwa mguu, akisikia kilio chetu kwa simu.

Sasa fikiria alipotuma habari kwamba anakuja. Mama mdogo aliwaka. Unamjua dada yako, na unajua desturi yetu: aliyekosa kilio hapewi hata maji kabla hajaingia nyumbani akamlilia marehemu. "Atakunywa chai mbele ya kulia? Mu oteli? Ile njo heshima gani?" Nikamwambia ni wewe uliyesema. Akanijibu kwamba mgonjwa husema mengi, akaenda kukunja mikeka na kuikunjua tena, kwa hasira tu.

Mimi nikaanza kutafuta hoteli. Nilikuwa natafuta mahali ambapo mwanamke hawezi kulia. Ungenicheka.

Nilianza na ile yenu ya mjini. Ua umeng'olewa, wamejenga ukuta, na baraza wamelifunga kwa vioo. Ndani kimya kama kanisani siku ya kazi. Nikasema hapa machozi yatakuja kabla ya sukari. Nikaenda ile ya njia ya Luano, nikakuta viti vya chini mno kwa mguu wa mgonjwa, na kila meza watu na masanduku yao wanaagana. Nikatoka mbio. Mwisho nikafika mtaa wa Golf, kwenye hoteli yenye bustani. Kulikuwa na muziki, watoto wanasherehekea siku ya kuzaliwa, wanaume wa migodi wanapiga kelele kwenye simu zao. Chai yao ni ile ya vifuko. Nilikusikia kabisa: "Chai gani inafungwa kamba sawa mbuzi?" Lakini nikaona hapa mtu ataona haya kulia. Nikachagua hapo.

Nilikuwa nimekaa mezani nikamwona anaingia na fimbo yake, taratibu. Amevaa buluu. Amevaa ndege wa manjano.

Mama, moyo ulinikatika. Kwa nukta moja niliona ni wewe umechelewa.

Alikaa. Akasifu maua, akauliza kazi yangu, akaniambia nimekonda. Nami nikaongea sana, nikaongea hovyo, juu ya bei ya unga, juu ya umeme, juu ya mvua, ili tu asipate nafasi. Chai ikaja na vikombe viwili. Akaviangalia. Akasema wamesahau cha tatu, na papo hapo akajua mwenyewe alichosema. Akapapasa kitenge chake pale gotini na kuniuliza polepole: "Na yake? Ile kikwembe yake iko wapi?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali yote isipokuwa hilo. Nikamwambia ulikwenda nacho.

Aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyepata jibu la kawaida. Akavua viatu, akavipanga chini ya meza. Akaegemeza fimbo. Halafu akateremka kwenye kiti, na mguu wake ule mbovu, akakaa sakafuni, pale hotelini, Golf, mbele ya watu wote, akanyoosha miguu kama wanavyokaa wenye msiba. Na akalia. Alikuita jina lako la utotoni, lile ambalo hata Baba hakulitumia. Alikulaumu. "Ulikuwa unasema kesho! Miye nimekuya, weye uko wapi?"

Nilitaka kumwinua. Nilikuwa na agizo lako mkononi na nikaliona linanitoka. Badala yake nikavua viatu na mimi, nikakaa chini karibu naye. Mama, tangu nikuzike nilikuwa nalia kwa wizi, bafuni, bomba likiwa wazi. Siku ile nililia kwa sauti yangu yote.

Wewe mwenyewe unajua watu wa hapa. Mwanamke akikaa chini vile hakuna anayeuliza. Muziki ulizimwa. Mama mmoja aliacha keki ya mwanawe, akaja, akachuchumaa karibu nasi, kisha akarudi kwa wageni wake. Dada aliyetuhudumia alichukua sinia mezani akaliteremsha polepole sakafuni, katikati yetu, na akaleta kikombe cha tatu. Sikumwomba. Labda alikuwa amesikia.

Basi chai yenu ya hotelini tuliinywa hivyo, chini, imepoa, na vikamba vyake vinaning'inia. Mama Georgette alionja, akakunja uso. "Si muzuri hata," akasema. Tukacheka na kamasi zetu. Kisha akaniambia: "Sasa unipeleke kwake. Nitaingilia ku mulango ya jikoni."

Mama mdogo alikuwa anatungoja, maneno tayari mdomoni. Aliona vumbi la sakafu nyuma ya nguo zetu. Akaenda moja kwa moja kutandika mkeka.

Kwa hiyo nisamehe. Uliniagiza asilie, na nimeshindwa. Nadhani ulitaka kumwonea huruma, lakini ulisahau kwamba naye alikuwa na haki yake kwako, na mimi pia.

Kipande cha kitenge chako kilichobaki bado kiko, nimekitoa kwenye sanduku. Kinatosha blauzi na kilemba. Nimeahidiana naye: atakuja tena mvua zikiisha, naye atavaa chake, nami nitavaa hiki. Tutapaka midomo, tutachukua mikoba, tutabishana ni hoteli gani. Na tukifika mlangoni, nakuahidi, Mama, mimi ndiye nitakayesema tukae kidogo kwanza.

Pumzika. Birika nimeshalisugua.

Mado wako