Nusu Ilitoka Kwako, Baba Kulwa

Kulwa ameajiriwa maabara ya kusoma vinasaba! Binti yako, Baba Kulwa, yule uliyemwacha na kamasi puani, leo anavaa koti jeupe hapa hapa Mwanza, na madaktari wanamwita, "Dada, hebu njoo utusomee hii." Haya, sasa ndiyo nikusalimie. Hujambo huko uliko? Sisi wazima, tena wazima wa kujivunia.

Naandika barua ya wazi kwa sababu sijui unaishi kisiwa gani, na kwa sababu nataka ndugu zako nao waisome. Itakufikia tu. Dagaa hawafiki mbali kama maneno ya watu wa soko la Mwaloni.

Unakumbuka mapacha walipozaliwa? Ulizunguka Kirumba nzima ukitangaza. Kulwa wa kike, Doto wa kiume. Ukaniambia, "Mama Kulwa, umefunga mabao mawili kwa shuti moja." Halafu Doto alipofika miezi minane, mikono na miguu ikavimba, ukimgusa analia. Wewe ndiye uliyekuwa unamkanda kwa maji ya vuguvugu, ukimwimbia nyimbo za kulimia ambazo maneno yake hata huyajui vizuri. Hilo sikunyang'anyi. Ulikuwa baba.

Kisha mama yako akatupeleka kwa mfumu, yule mganga anayeagua kwa kuku. Wewe ulishika miguu ya kifaranga. Desturi ni kwamba mwenye shida anamtemea kuku mate, mganga anampasua, anasoma yaliyomo ndani. Mama yako akasema, "Atemee huyu mgeni. Ukoo wetu sisi unajulikana." Nikatema, mimi peke yangu. Mganga akasoma, akasema ugonjwa umekuja na tumbo langu, tena Kulwa anakula nguvu za mwenzake, watenganishwe. Ulitazama chini. Ukasema, "Nenda kwanza kwenu kwa muda."

Muda gani huo, Baba Kulwa? Miaka ishirini na miwili! Niliwabeba wote, mmoja mgongoni, mmoja kifuani. Sikutenganisha mtu.

Nikaanza kuanika dagaa Mwaloni. Dagaa hao hao wamemfikisha Kulwa chuo kikuu. Doto tulilazwa naye, akaongezwa damu, tukarudi, tukalazwa tena. Ni daktari aliyenitajia jina: selimundu. Ndugu zako walishamchimbia kaburi kwa midomo. Leo anatengeneza simu, ana ndevu kukuzidi, anameza dawa yake kila siku, na maumivu yakimshika anawahi hospitali. Majuzi nilipomwonea huruma akaniambia, "Mama, ukiendelea kunipikia ugali mdogo hivi, wewe ndiye utakayeniua, siyo selimundu."

Wiki iliyopita nikamwambia Kulwa, "Nieleze kazi yako kama unamweleza mtu wa darasa la saba."

"Si ndiyo wewe, mama?"

"Ndiyo mimi. Endelea."

Akasema ndani ya miili yetu kuna maandishi marefu ajabu, ya herufi nne tu, yanayouelekeza mwili ujijenge vipi. Wao wanayasoma kwa mashine, herufi kwa herufi. Kila mtu ana nakala mbili, moja ya baba, moja ya mama. Kwa Doto, pale panapoeleza damu itengenezwe vipi, herufi moja imebadilika kwenye nakala zote mbili. Ndiyo maana chembe zake za damu zinajikunja kama mundu na kuziba njia. Ikibadilika kwenye nakala moja tu, mtu anatembea mzima wala hajui.

"Kwa hiyo Doto alipewa na nani?"

"Na nyie wote wawili, mama. Nusu kwako, nusu kwa baba."

"Rudia."

Akarudia. Nikafungua mlango, nikamwambia arudie tena, majirani wasikie.

Kulwa mwenyewe alishapimwa, ana nakala moja iliyobadilika na moja nzima. Hakula nguvu za mtu. Alibahatika tu.

Usidhani naudhalilisha ukoo wako. Herufi hii siyo laana. Kulwa anasema mwenye nakala moja malaria kali haimwangushi kirahisi, ndiyo maana imejaa huku kwetu kwenye mbu. Na nje huko wameanza kutoa mbegu za damu kwenye uboho, ndani ya mifupa ya mgonjwa, wanarekebisha vinasaba vyake, wanamrudishia mwenyewe. Kwetu bado, na tiba yenyewe ni nzito, ina hatari zake. Doto amesema atasubiri. Na mimi nitahakikisha anasubiri akiwa ameshiba.

Sasa sababu ya barua. Mdogo wako Shija, wa Mkolani, ana mtoto wa miezi tisa. Vidole vimevimba. Mke wake, Minza, alikuja kwangu analia. Mama yako ameshanunua kuku, Jumapili wanaenda kwa mfumu, na atakayetema mate ni Minza peke yake. Unajua kinachofuata. Nikamwambia, "Mdogo wangu, hutatema."

Mtoto ana nini, mimi sijui. Hata Kulwa amekataa kubashiri: "Mama, mimi sisomi kwa macho, nasoma damu." Basi ipimwe damu. Ya mtoto, ya Minza, na ya Shija. Mama yako naye aje. Nitapiga magoti yote mawili nimwambie shikamoo, na nikishainuka atanyoosha mkono atobolewe kama wengine. Minza harudishwi kwao na mtoto mgonjwa mgongoni kama nilivyorudishwa mimi. Nimekataa, na mwenye la kusema aje anisemee usoni.

Na wewe panda feri uje. Sitakuuliza ulikuwa wapi. Doto anataka kumwona mtu aliyemwimbia, na mimi nataka ukae karibu na mdogo wako wakati anatolewa damu, umwambie kile ambacho wewe hukupata wa kukwambia.

Tunakutana kwangu Pasiansi, tunakunywa uji, kisha Kulwa anatuongoza wote hospitali. Mpaka hapo, Mungu akulinde majini. Ni mimi, mama wa mapacha wako, na siku niliyoipanga ni Jumamosi hii, saa tatu asubuhi.