Sijatoka Nyumbani, Mama Mkwe Ameandika Nimeondoka

Mpendwa mshauri, nisaidie kabla ya Jumamosi, kwa sababu Jumamosi nahama, nimeshapata chumba upande wa pili wa mji, nitakaa humo mimi na binti yangu wa miezi minane peke yetu mpaka baba yake arudi safari, yeye ni dereva wa lori na siku ya kurudi haijui hata mwenyewe, na sijamwambia kitu kwa kuwa anayenihamisha ni mama yake mzazi.

Mimi ni fundi cherehani, nashonea sebuleni, na mama mkwe alikuja kunishika mkono nilipojifungua, tukapatana mpaka wateja wakadhani ndiye aliyenizaa, lakini miezi miwili hii amebadilika, ananitazama mno, nikiinua macho kwenye cherehani namkuta amenikodolea huku ameshika saa kiganjani, halafu anajifanya anakunja nepi, na mara nyingine nashtuka ananigusa bega, amesimama karibu kabisa nami sikumsikia akija.

Wiki iliyopita alienda sokoni nikafungua mkoba wake, najua nimekosea, nikakuta daftari la shule na ndani yake ni mimi tupu, kila ukurasa tarehe na saa, "Jumanne, saa nne na robo asubuhi, ameondoka, amerudi baada ya dakika moja," "Jumatano, saa nane mchana, ameondoka akikata kitambaa, nimemwita mara tatu, amerudi, ameendelea kukata." Mshauri, Jumanne ile sikuvuka hata kizingiti, nilikuwa na sare thelathini za shule za kumaliza! Nyuma kabisa amejumlisha, "Wiki ya kwanza, kama kawaida, saba. Ya pili, bila chai, nane. Ya tatu, nimemchukua mtoto usiku, amelala vizuri, mbili. Ya nne, kama kawaida tena, tisa." Na kweli nakumbuka wiki ile aliniambia majani ya chai yamekwisha, nami nilikuwa nimeyaona kabatini kwa macho yangu.

Huyu mama alifuga kuku wa mayai miaka ishirini na aliwaandika hivyo hivyo, banda gani limetaga, lipi limegoma, sasa naandikwa mimi. Ukurasa wa mwisho ni Alhamisi, "Ameondoka akiwa amembeba mtoto," basi, hapo hakuandika kama nilirudi. Tangu siku hiyo mwanangu simwogeshi, nikishika beseni tu ananinyang'anya, niachie mimi mwanangu, wewe kashone, nami nabaki mlangoni namtazama akimmwagia mwanangu maji ya vugu nikishika beseni tu ananinyang'anya, niachie mimi mwanangu, wewe kashone, anataka mtoto anisahau.

Usiniambie nichunguze kwanza, utafiti nimefanya, nimemuuliza rafiki yangu muuza vitambaa na wateja wawili, wote wamesema mama huyo ananiondoa nyumbani kidogo kidogo, na redioni nimesikia utafiti umeonyesha mama wakwe tisa kati ya kumi wana wivu na wake za watoto wao. Nimchomee daftari lake ndipo nihame, au nihame nalo? Naogopa, mshauri, naogopa.

Ni mimi, Fundi Ninayeandikwa

JIBU

Mdogo wangu, pole. Kuogopa ndani ya nyumba yako mwenyewe kunachosha. Sasa fungua mizigo unisikilize.

Ulichofanya wewe si utafiti. Umewauliza watu watatu wasioijua siku yako hata moja tangu asubuhi hadi jioni, na ukawauliza huku jibu unalo tayari. Na huyo wa redioni, alisema waliulizwa mama wakwe wa wapi, wangapi, na aliyewauliza ni nani? Hakusema, na wewe hukujali. Mtu akikutajia tu neno "utafiti" unafungua mlango bila kuuliza nani anabisha hodi.

Mtafiti humo ndani yupo mmoja, naye ndiye unayemkimbia. Aliona jambo asilolielewa, na hakwenda kulitangaza kwa majirani. Alishika saa, akaandika kila lilipotokea, akajiuliza ni chai au ni usingizi, akabadilisha kimoja, kisha kingine, halafu akarudisha mambo kama mwanzo ili aone kama na hesabu itarudi. Ikarudi. Wavaa makoti meupe kwenye maabara wanafanya hayo hayo, ila wao wana vyombo zaidi.

Soma daftari upya ukijua kwamba "ameondoka" halihusu miguu yako. Unabaki kitini, macho wazi, mkasi mkononi, na anayekuita haitikiwi. Kisha unaendelea pale ulipoishia bila kujua kuna dakika imepita.

Unadhani nakisia? Ninayo barua yako hapa mezani. Ukurasa wa pili, kwenye maji ya vuguvugu, neno limekatika nusu, kalamu imeteremka mstari mmoja mrefu mpaka ukingo wa karatasi, kisha umeanza upya maneno uliyokwisha kuandika. Nimewaomba wachapaji wasirekebishe herufi hata moja. Rudi juu ukayaone mwenyewe.

Mimi si daktari. Najua kuna kifafa kisichomwangusha mtu, humnyamazisha tu kwa muda, na kukosa usingizi hukichochea. Huenda ni hicho, huenda ni kingine, na wewe una mtoto mchanga anayekunyima usingizi. Ule mstari wa Alhamisi haukumaliziwa, na nadhani najua sababu: aliona mikono yako inalegea, akatupa kalamu akamdaka mjukuu wake. Na ndio maana beseni hukabidhiwi.

Mama mkwe naye simwachi. Mama, kuku haombwi ruhusa, mtu huombwa. Ungemwambia siku ya kwanza, asingekuwa anafunga mizigo leo kwa hofu yako.

Basi, chumba hicho kisahau, maana ungekaa humo na mtoto bila mtu wa kukugusa bega. Usimwogeshe mtoto, usisimame kwenye moto peke yako, na cherehani uiguse tu kama yupo mtu mzima sebuleni. Mpigie mumeo leo. Kesho asubuhi nenda hospitali na daftari, na mama mkwe aingie nawe mpaka ndani, asiachwe kwenye benchi la nje. Daktari atakugeukia wewe kwanza, akuulize inakuwaje unapoondoka. Usitunge jibu. Mwache mama mkwe aeleze, kwa sababu wewe hukuwepo.