Katani za Careen

Mshangano,
S.L.P. 417,
Songea.
11 Julai 1994.

Mpendwa mdogo wangu Wendelini,

U mzima huko Ujerumani? Kifua chako kimepona? Huku ni baridi ya Julai, Mama habanduki jikoni mpaka jua lipande.

Sisi hatujambo, ila mimi nimechoka. Mbolea ya ruzuku imebaki hadithi, mahindi tumevuna machache, na magoti ya Mama hayana nafuu. Maji ni mimi, kuni ni mimi.

Nimepata barua ya Mama Renate, yule nesi wa misheni aliyemchukua Careen, mtoto wa marehemu Rosemary wetu. Anasema Careen ametimiza miaka saba, na shuleni kwao mweusi ni yeye peke yake. Wazungu wengine waliochukua watoto wa mbali, wa Ethiopia, wa India, hukutana nao kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi ili wasaidiane. Watoto wenzake huja na mtu wa kwao. Careen hana. Mama Renate amekualika mara tatu, nawe uko mwendo wa saa mbili tu kwa treni.

Mara tatu, Wendelini! Mjomba mtu!

Najua unaona aibu kwa kuwa ndiwe uliyetia sahihi achukuliwe. Lakini wote tulikosea. Mtoto alipoondoka, Mama alikaa mkekani siku tatu, majirani wakaleta unga na kuni, wewe ukapokea pole mlangoni. Tulimwekea msiba mtoto aliye hai. Tangu hapo, mwaka wa tatu huu, hakuna aliyemtaja humu ndani.

Barua ilikuja na picha. Nywele za mtoto zimejisokota vibaya. Akichanwa hulia, na Mama Renate hajui aanzie wapi. Nikaipeleka jumuiyani nikijua nitasemwa. Hawakunisema. Alhamisi wanawake wakaja kwetu na katani, wakaishonea kwenye kipande cha gunia na kuisuka mafungu matano: la kwanza limegawanywa tu, la pili limeanzwa, hivyo hivyo, ili mgeni aone kila hatua.

Mama alikuwa pembeni akipukuchua mahindi. Akaomba picha, akaitazama kitambo kirefu.

“Careen huyu? Sasa nani anamchana mwanangu?”

Kisha akavuta lile gunia, akasuka fungu la mwisho mwenyewe, kwa vidole vile visivyokunjika. Nililia mbele za watu na sikujali.

Padri anayekwenda likizo atakukabidhi barua hii pamoja na kifurushi. Nimekiandika jina lako, si la Mama Renate, makusudi. Katani haisemi, anatakiwa mtu wa kukaa nyuma ya mtoto na kumwonyesha huyo mama. Jumamosi ya kwanza ya Agosti ni tarehe sita.

Mzee Makarius wa jumuiya anakusalimu. Wanangu Leo na Anjelika wanasema shikamoo, mjomba. Mungu akulinde njiani, maana naamini utasafiri.

Wala usiniandikie kwamba mwanamume hasuki. Mwaka ule Mama alipolazwa Mbesa, nami nimeshaolewa Madaba, nani alikuwa akimsuka Rosemary kila Jumapili kabla ya misa?

Wako akupendaye hata akichoka,
Dada yako Kunegunda.