Filta ya Njano kwa Uso wa Mama

Jumatatu, 5 Agosti

Picha za pasipoti tangu asubuhi. Vijana waliomaliza shule wanaazimana shati moja jeupe. Huyu akitoka, mwenzake analivaa na jasho lake. Umeme ukakatika katikati ya kazi. Nimefunga studio mapema, nikasafisha ile negatifu ya Mama niliyopiga jana kwa kamera kubwa ya Baba.

Aibu tupu. Kikwembe alichojifunga kimetoka. Ukuta umetoka. Hata kamba ya kuanikia nguo imetoka. Uso wa Mama umekuwa mweusi kama sufuria ya kuni, yanaonekana macho tu. Nikaipiga negatifu kwa telefone, nikaigeuza nyeusi kuwa nyeupe, nikamwonyesha. Aliitazama muda mrefu.

"Huyu alishakufa," akasema. "Minye niko hapa."

Akarudi kuchambua maharage yake. Sikula vizuri.

Jumatano, 7 Agosti

Niandike sababu, nisije nikajiona mwendawazimu.

Mama anapanda Rurambo, milimani, mwisho wa mwezi huu kuishi kwa kaka yangu Simon. Joto la huku Nyamianda limemchosha, na shamba lake liko kule juu. Barabara ile na magoti yale! Akipanda hatashuka tena. Mimi najua, yeye anajua, hakuna anayesema.

Na hatuna picha. Mto ulipofurika ulibomoa studio ya zamani na kumchukua Baba, aliyerudi ndani kuokoa masanduku yake. Baba alipiga picha nusu ya watu wa Uvira. Yeye mwenyewe hakubaki kwenye picha hata moja. Kamera ilipona kwa sababu ilikuwa kwa seremala, mguu umevunjika.

Siku hizi nikifumba macho napata mikono ya Baba. Napata kikohozi chake. Uso unanikimbia. Hilo linanitisha kuliko kitu chochote, na sitaki linipate kwa Mama.

Déo, mume wangu, anauliza kwa nini nisitumie telefone. Nimetumia! Moja iliibiwa sokoni, nyingine ilizama ziwani. Nataka negatifu kubwa, ya kushika kwa mikono miwili.

Ijumaa, 9 Agosti

Nimeelewa kosa liko wapi. Filamu zangu ni za radiographie, zile za kupigia mifupa. Déo ni infirmier, muuguzi wa hospitali, alizikuta zikitupwa walipopata mashine mpya. Filamu hizi hazioni nyekundu. Ngozi yetu ina wekundu mwingi ndani ya kahawia yake, basi kwao ni giza. Ndiyo maana Baba hakupiga uso bila kuweka kioo cha njano mbele ya lenzi. Filta yake. Ilikwenda na maji.

Nimevuka mpaka wa Kavimvira hadi Bujumbura. Kuna mzee aliyefunga studio yake na kuficha katoni ya filta chini ya kitanda. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mimi nimeinama kweli, mgongo unauma hadi sasa. Nimepata ya njano. Nyekundu kanipa bure.

Nimefika nyumbani nikiimba. Kumbe hazishiki. Filta hizi zina meno ya kuzungushia kama kifuniko cha chupa. Lenzi ya Baba ni shaba ya zamani, mdomo wake laini, hauna jino hata moja. Mfuniko wa nyumba hii, chungu cha nyumba ile.

Jumamosi, 10 Agosti

Nimeanza na nyekundu ili nisiharibu ya njano. Nikaibandika kwa utepe wa scotch, nikampiga picha Déo. Filamu imetoka tupu kabisa. Bila shaka! Filamu haioni nyekundu, na mimi nimeivalisha kioo chekundu. Déo amecheka mpaka akakaa chini. Nimemnunia mpaka chakula cha jioni.

Ya njano nayo nimeibandika kwa scotch. Jua la mchana likalegeza gundi, filta ikateleza, ikaanguka kwenye mkeka. Ingeangukia simenti leo ningekuwa nalia. Nikafunga kwa chambre à air, mpira wa ndani ya gurudumu la baiskeli. Unashika, lakini filta inakaa upande, mwanga unapenya pembeni.

Nimechoka. Nina hasira na shaba ile.

Jumatatu, 12 Agosti

Nimepata!

Nilikata kipande cha bomba la maji la plastiki, nikakipasha juu ya mbabula ya makaa mpaka kikalegea. Nikataka kukivika hivyo hivyo cha moto kwenye lenzi. Mama akapiga kelele kutoka mlangoni.

"Weye! Unataka kupika kioo cha baba yako?"

Ana haki. Vioo vya lenzi vimegandishwa kwa gundi, joto lingeviachanisha. Nikazunguka nyumba nzima na uzi nikipima kila kitu cha duara. Kikombe cha Mama cha uji ndicho kilicholingana na lenzi. Nikalisukuma bomba la moto juu ya kikombe, nikamwagia maji, likashika umbo. Nikapasha upande wa pili, nikatia filta ndani, bomba likaibana lilipopoa. Kwa ndani nimebandika ukanda wa blanketi ili lisikwaruze shaba.

Linaingia kwenye lenzi taratibu na halitikisiki. Nimelivika na kulivua kama mtoto mwenye viatu vipya. Mama analalamika kwamba uji una ladha ya bomba. Nimemwambia anywe tu. Nimefurahi, nimefurahi sana.

Jumanne, 13 Agosti

Jaribio kwa Déo, saa ambazo jua limejificha nyuma ya mlima na mwanga wa ziwani umebaki laini. Uso wake umetoka! Paji la uso, mashavu, hata kovu la kidevuni. Mtu mzima wa kahawia.

Shida mbili. Kifuniko cha lenzi hakiingii tena juu ya bomba, kwa hiyo nafunika kwa kofia ya Déo. Na filta inakula mwanga, inabidi kusubiri zaidi. Lenzi hii haina kitufe. Unafunua, unasubiri, unafunika. Enzi za Baba saa ilikuwa Mama. Baba alifunua, Mama alisimama kando yake na kusali Salamu Maria kwa sauti. Bila filta, kwa picha zisizo na uso, ilikuwa nusu ya sala. Na filta, nzima. Watu wa Uvira wa umri fulani wote walipigwa picha wakiombewa na Mama.

Leo amesimama kando yangu vilevile. Nikafikiri: ndiyo maana hakuna aliyempiga. Saa haipigwi picha.

Alhamisi, 15 Agosti. Kupalizwa kwa Mama Maria

Nimempeleka kanisani, nikamsubiri nje kama kawaida yangu. Baadaye kikwembe kipya, kiti, blanketi ukutani nyuma yake. Nikafunua. Mama akasali mwenyewe, pale pale kitini, kwa mazoea. Wala sikufikiri. Nikafunika.

Aka! Macho safi. Paji safi, mikunjo yote ipo. Mdomo hakuna. Kuna ukungu tu mahali pa mdomo. Amesali, midomo imecheza, filamu imekunywa yote.

Tumecheka wote wawili. Halafu nimeingia ndani nikalia kidogo.

Jumamosi, 17 Agosti

Nimemwomba asali moyoni. Amekubali. Midomo imecheza vilevile. Nikamwambia, Mama, kimya. Akajibu kwamba Salamu Maria ya kimya ni ya wavivu. Miaka yote hiyo midomo yake haijawahi kusali bila kujongea, na haitajifunza kwa ajili ya kamera.

Filamu nzuri zimebaki mbili. Nyingine zote zimeingia ukungu ndani ya boksi.

Jumanne, 20 Agosti

Ushauri wa Déo: asisali mtu, tutumie saa ya telefone. Tumetumia. Mama akaikodolea macho telefone kama askari wa mpakani anataka kumuuliza kitu. Picha imetoka safi kila mahali, na uso hauna mtu. Uso wa kadi ya kura.

"Huyu anadaiwa," Mama akasema.

Halafu akasema lile nililokuwa naliogopa tangu juzi. "Sali weye. Minye nitasikiliza."

Nikamwambia hapana. Akauliza mpaka lini. Nikamwambia, nimuombe nani? Yule aliyeacha mto uingie? Nilipandisha sauti. Nilimpandishia Mama sauti, uani kwenye parsele yetu, majirani wakisikia. Alikunja kikwembe kipya, akakirudisha kwenye valisi yake ya safari.

Naandika wazi kwa kuwa hapa hasomi mtu. Nina hasira na Mungu. Tangu Baba aende sijatamka sala hata moja. Kanisani naishia mlangoni. Mama hajawahi kunisema, lakini kila Jumapili akitoka ananitazama kwanza mimi, kisha ngazi.

Ijumaa, 23 Agosti

Simon amepiga simu. Kule juu mvua imeanza kunukia, dereva hataki kungoja mwisho wa mwezi. Wanakuja kumchukua Mama Jumatatu asubuhi.

Filamu moja. Mama amefunga mizigo: chumvi, sabuni, ndagala wakavu wa ziwani wa kuwapa wakwe wa Simon. Hataji picha. Mimi pia sitaji. Tunazungumza habari za ndagala.

Sasa naona ni nini kinachonizuia, na si Mungu tu. Ni aibu ya kurudi mlangoni kwa mtu uliyemnunia muda mrefu. Unabisha hodi na kusema nini?

Jumapili, 25 Agosti

Nimempeleka misa. Nimebaki nje. Alipotoka nilimwambia aende avae.

Alivaa kile kikwembe kipya. Nilitazama kwenye kioo cha nyuma ya kamera, nikasogeza lenzi mpaka kila mkunjo wa uso wake ukaonekana wazi. Nikavika filta kwa mkono wa kushoto huku wa kulia umeshika kamera, kwa kuwa ukisukuma vibaya kamera inasogea na kazi yote inapotea. Haikusogea. Nikafunika na kofia, nikatia filamu ya mwisho. Mikono yangu ilikuwa imetulia kuliko moyo.

Nikafunua. Nikaanza.

Sauti yangu niliisikia kama ya mgeni. Mwanzo ulikwenda vizuri. Katikati nikakwama. Maneno niliyofundishwa kabla ya kujua kufunga viatu, yamekwenda! Nimesimama na kofia mkononi, mwanga unaingia, filamu inaungua, na mimi niko bubu. Mama anayajua yote. Angeweza kunipa neno moja tu. Nilimwona anavyojizuia. Hakutikisa hata unywele. Alikaa, akanitazama, akaningoja.

Yakarudi. Nikamaliza mpaka amina. Nikafunika.

Niliketi chini kwenye vumbi na nguo zangu za Jumapili. Mama akaja akaweka mkono kichwani kwangu. Déo alijifanya anatafuta kuku.

Negatifu imepata mwanga kupita kiasi, ni nzito, nimeipunguzia muda kwenye dawa kwa kuotea tu. Nilipoinyanyua kwenye taa nyekundu nilijua. Imetoka. Mdomo upo, umefungwa, na pembeni umeanza kitu ambacho bado si tabasamu. Macho yananitazama mimi. Ngozi ni ngozi yake. Ni Mama anayemsikiliza mwanawe akisali, na anaogopa kupumua.

Jumatatu, 26 Agosti

Simon amefika mapema kuliko alivyosema. Nilikuwa nimekwisha kuichapa picha kwenye karatasi, ikiwa bado na unyevu kidogo.

Mama aliitazama akiwa amesimama kando ya gari. Nilingoja hukumu.

"Iko minye," akasema. "Sikujua niko hivi."

Akaifunga ndani ya kikwembe, akaiweka mapajani, si kwenye valisi. Negatifu nimebaki nayo. Gari limepinda kuelekea barabara ya Luberizi na sikukimbia nyuma yake kama nilivyodhani ningefanya. Nimelia, ndiyo. Nikanawa uso, nikafungua studio.

Alhamisi, 29 Agosti

Kazi kidogo. Ziwa limetulia, milima ya Burundi inaonekana vizuri leo. Simon amepiga simu: Mama amefika salama, magoti yanauma, picha imetundikwa sebuleni na wageni wanaambiwa kila mmoja kwamba imepigwa na binti yake. Nimetabasamu peke yangu kama mjinga.

Saa tisa akaja Mama Furaha wa nyumba ya tatu. Amesikia habari. Baba yake ni mzee sana, na wao pia maji hayakuwaachia picha. Anataka kubwa, kama ya Mama. Nimeagiza filamu nyingine kwa njia ya Déo, nikamwambia kuna kungoja kidogo. Nikamuuliza kama mzee anaweza kukaa bila kutikisika. Akasema hapana, ni mtu wa maneno, na kuhesabu sekunde kunamchanganya, nani atamhesabia muda wa kukaa kimya?

Nikamwambia amlete tu, nitasali mimi.