Mrehani wa Kaburini kwa Mke Wangu

Jumatano. Mvua tangu alfajiri. Chokaa haipigwi mvuani, fundi katurejesha wote. Niko chumbani Jang'ombe, nimekaa kitandani, nnatazama ukuta.

Raya kachukuliwa jana. Bibi yake kamchukua, kenda naye kwake Mkokotoni. Mwanangu wa pekee, ana miaka tisa. Sijui kama atarudi.

Kosa langu. Nnaandika hapa mtandaoni kwa sababu hapa hamnijui, na majina nimebadilisha.

Mimi kibarua. Nnabeba mawe na chokaa Mji Mkongwe, kwenye yale majumba ya zamani yanayotengenezwa. Gari haziingii vichochoroni, kwa hivyo gari ni mimi. Mke wangu Salma alifariki, huu mwaka wa pili. Tangu hapo mimi ndo baba, ndo mama, ndo mpishi, ndo wa kusuka nywele. Kusuka sijui. Nnazifunga tu.

Na nnapiga kelele.

Simpigi mwanangu, sijapata kumpiga. Lakini nnarudi mgongo unauma, chai imemwagika, daftari halionekani, basi inanitoka sauti mpaka mwenyewe nashtuka. Jirani anazima redio ili asikie vizuri. Raya halii. Anajikunja tu.

Usingizi sina. Moyo unakwenda mbio hata nimekaa. Hospitali wakanipima presha, wakasema iko sawa, kapumzike. Nikapumzike wapi?

Haji, tunayebeba naye, ndiye aliyenambia habari ya majani. Kaona kwenye simu.

"Yakhe, hiyo stresi," kasema. "Kuna majani yanaituliza. Mwili unazoea shida, hautetemeki."

Yana jina la kizungu refu, sikulishika. Kanitajia mrehani, mlonge, tangawizi, na mizizi fulani ya Kihindi. Nkamwambia mimi si mgonjwa.

"Si mgonjwa, mbona jana umegombana na ndoo?"

Kweli nligombana na ndoo.

Nkaanza. Ile mizizi nlipata unga wake dukani. Siku ya kwanza tu tumbo likaniendesha, na mimi niko juu ya ngazi, karai la chokaa kichwani. Nkaacha. Mlonge kama unakunywa nyasi. Tangawizi ikanitoa jasho, na jasho ninalo langu la kutosha. Mrehani ndo ulinikubali. Majani kama kumi, maji ya moto, unafunika, unasubiri, unakunywa bila sukari. Asubuhi, kabla Raya hajaamka.

Wiki ile nlipiga kelele mara moja tu. Sijui ni majani au ni kule kukaa kimya kusubiri maji. Sijali ni kipi. Raya alinisimulia habari za skuli mwenyewe, bila kuulizwa. Nani kamsukuma nani, mwalimu kasema nini. Alikuwa hajafanya hivyo tangu mama yake kufa.

Sasa mrehani naupata wapi?

Darajani wanauuza akinamama, pamoja na asumini, kwa ajili ya vikuba. Kikuba, kishada cha maua, anavaa mwanamke kifuani, anukie kwa mumewe. Mwanamme aliyefiwa na mke hawezi kununua mrehani kila siku watu wakamwacha. Mara ya tatu tu, Bi Tatu anayeniuzia kapaza sauti sokoni:

"Jamani, Baba Raya huyu, kila siku mrehani! Huyo bibi anavaa vikuba au anavitafuna?"

Mwenzake wa meza ya pili kadakia: "Tualikeni basi, biriani tule na sisi!"

Nlishindwa kusema kwamba anayetafuna ni mimi. Mwanamme mzima, mbeba mawe, niseme nnakunywa maua kwa sababu moyo unanidunda? Nkacheka nao. Sikurudi tena.

Nkakumbuka kuna mrehani mwengine. Nlioupanda mwenyewe, kaburini kwa Salma. Wengi wanapanda, kaburi linukie. Umestawi mpaka umefunika jiwe la kichwani. Nkasema huu wangu. Nimeupanda mimi, nnaumwagilia mimi. Na Salma hawezi kuninyima majani kumi.

Basi kila siku nikitoka mskitini alfajiri nnapita makaburini. Namwombea, nachuma, natia mfukoni, narudi nyumbani kuchemsha.

Hebu fikirini nyinyi. Mtu yuko makaburini, kiza hakijaisha vizuri. Kainama juu ya kaburi, anachuma, anatia mfukoni, anageuka kutazama nyuma. Mimi nlikuwa nnatazama nyuma kwa haya. Aliyeniona hakujua kama ni haya.

Aliyeniona ni mzee mmoja anayefyeka majani pale. Hakunisemesha. Kamwambia mkewe. Mkewe kamwambia jirani yangu, huyo huyo wa redio. Hazikupita siku nne, habari imefika Mkokotoni: Baba Raya anachukua vitu kaburini kwa Salma, anavipeleka kwa mganga.

Jana nimerudi kazini nikamkuta mama mkwe kakaa barazani. Bi Mize, mwanamke mfupi, mkavu, maneno yake machache. Raya yuko ubavuni mwake. Nguo za Raya zishafungwa kwenye kanga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nionyeshe unachokichukua kwa mwanangu."

Hata maji hakutaka.

Hapo nikabanwa. Nikinyamaza, mimi mchawi. Nikisema, mimi mwanamme niliyeshindwa na roho yangu mwenyewe. Nlisimama pale mlangoni na vumbi langu la chokaa, nimevaa ndala.

Nkasema, bora nionekane dhaifu kuliko mchawi. Nkawasha jiko. Nkatoa majani, nkayatia kikombeni mbele yake, nkamimina maji, nkafunika. Tukasubiri sote watatu. Nkanywa.

"Ni hivi tu mama," nkamwambia. "Moyo unanidunda. Nnampigia mtoto kelele. Hii inanituliza."

Maneno hayo sikuwahi kumwambia mtu, ila Haji, nusu nusu.

Kakichukua kikombe, kakinusa. Kaanza kucheka, huku machozi yanamtoka.

"Subhanallah! Mimi siku mbili chakula hakipiti, kumbe mrehani! Si ungenambia? Kwangu umejaa mpaka kwenye banda la mbuzi."

Nkacheka na mimi. Raya kacheka. Nkajua yamekwisha.

Halafu kajifuta uso kwa ncha ya mtandio. Kaniuliza polepole, kama mtu anayeuliza njia:

"Na siku ukiukosa?"

"Nikikosa nini mama?"

"Huo mrehani. Siku ukiukosa, mtoto anakuwaje?"

Nlikitazama kikombe, majani yamebaki chini.

"Nlikuja kuuliza habari ya uchawi," kasema. "Hukuroga, nimeona, na huko wanakosema ntakwenda kuwanyamazisha mwenyewe. Lakini hili la kelele mimi nlikuwa silijui, mwanangu. Umenambia wewe."

Kasimama, kachukua lile furushi. "Atakaa kwangu kwanza."

Skuli zimefungwa tangu Ijumaa, kwa hivyo hata hilo la kumzuilia sikuwa nalo. Ningesema nini? Kila nilichotaka kusema kilitaka sauti kubwa, na sauti kubwa ndiyo kesi yenyewe.

Nlimtazama Raya nione kama anataka kubaki. Alikuwa anatafuta kiatu. Alipokipata kaniuliza, "Baba, utakula nini?" Nkamwambia mkate upo. Wakaondoka.

Leo sijapiga kelele hata mara moja. Hayupo wa kumpigia.

Asubuhi nimechemsha maji, nimekunywa, nimekaa. Moyo unadunda vile vile. Nyumba kimya, chumba kimoja hiki, lakini leo sipati pa kukaa. Nikikaa kwenye kiti nnaona mkeka wake. Nikilala nnaona ndoano ya mkoba wake, tupu. Nje mvua. Jirani anapika, nnasikia kijiko chake kwenye sufuria, na yeye bila shaka anasikiliza mimi nnafanya nini.

Majani siachi. Yananifaa, siyasingizii. Lakini leo nimehesabu watu niliowaeleza. Nimemweleza Haji. Nimemweleza mama mkwe. Nnawaeleza nyinyi nisiowajua. Yule aliyepigiwa kelele sijamwambia neno. Sijawahi kumwambia nisamehe. Baba kumwomba mtoto msamaha, mimi sikulelewa hivyo. Babangu kafa hakunambia, na mimi nlikuwa nnalisubiri.

Ijumaa tunatoka kazini mapema. Ntakwenda Mkokotoni. Nimeanza kuyajaribu maneno hapa peke yangu, kwa sauti ya chini. "Raya, nlikukosea." Nnafika hapo, kwenye "nisamehe" nnakwama. Mawe nabeba siku nzima, maneno matatu yananishinda.

Na bibi yake siye ninayemwogopa. Bibi ntamwomba, atanipa masharti, ntayashika.

Nnamwogopa Raya. Nikimuuliza unataka kurudi kwa baba, atasema ndiyo. Kwangu siku zote anasema ndiyo, haraka haraka, kabla sijamaliza kuuliza. Ntajuaje kama anataka kweli, au ananiogopa?