Jina la Kaliza kwa Bwana Feta

Jumanne, 4 Machi 2025

Kaliza amepiga simu nikiwa sokoni Kimironko, mguu uko kwenye cherehani. Gauni la watu nimeliacha nusu. Kile kijiji anachofanyia unesi kule Skotilandi, Balnafetter — hata leo ulimi unakwama — kinamweka ukutani! Kwenye ukumbi wao kuna ukuta wa mawe meusi, kila jiwe jina la mtu aliyekipa kijiji heshima. Yupo daktari mwanamke aliyepiga makasia kuvuka ziwa kwenda kuzalisha. Yupo golikipa. Yupo mchunga kondoo aliyetunga nyimbo za kanisani. Wote wazaliwa wa pale. Sasa na mtoto wangu, kwa sababu ya theluji ya Januari, barabara zilipofungwa akazunguka nyumba kwa nyumba kwa miguu, dawa za wazee mgongoni.

Chini ya jina wanaandika mtu kwao ni wapi. Kwake wataandika Kabeza. Kabeza yetu hii, mtaa wetu hapa Kigali!

Usumani, jirani yangu wa cherehani, aliuliza kijiji kinaitwaje. Nikamwambia. Akasema hilo ni jina la tajiri, Bwana Feta. Mpaka jioni soko zima linasema Kaliza ameheshimiwa kwa Bwana Feta.

Jumatano, 5 Machi

Majivu. Padri amesema tujinyenyekeze. Nimepakwa, nimetoka, nimemwambia kila mtu mlangoni. Bwana unisamehe, lakini huyo mtoto ni wewe uliyenipa.

Jumamosi, 8 Machi

Kumbe kuna neno. Kaliza anauliza wachonge L au R?

Kitambulisho na pasipoti vinasema Kariza. Karani aliandika alivyosikia, na hapa mjini L na R ni kama dada wawili, wanaazimana nguo. Lakini jina ni la marehemu mama yangu. Tulimzika Karagwe, kule Tanzania, enzi za ukimbizi. Msalaba wake ulikuwa wa mti, KALIZA kwa rangi nyeupe. Mchwa wameula wote. Hakuna mahali pengine duniani jina lile limeandikwa sawa.

Mume wangu Telesphory anasema ifuatwe pasipoti, wasije watu wakadhani ni watu wawili. Nikamwambia Mungu haulizi pasipoti. Akasema Mungu haulizi, uwanja wa ndege unauliza.

Ila mzee anayechonga, Kaliza anamwita Mzee Murdo, ameikataa pasipoti. Amesema mama mtu atamke kwa mdomo wake, na yeye atachonga atakachosikia. Huyo mzee nampenda bila kumjua.

Jumatatu, 10 Machi

Nimerekodi sauti sokoni. Usumani alisimamisha cherehani yake, akawanyamazisha wauza vitambaa mstari mzima. Nikasema polepole: mimi ni mama yake, mtoto anaitwa Kaliza. Nikatuma. Ndipo Usumani akaomba tuisikilize. Amefunga Ramadhani, lakini kucheka hakukufunga.

"Mama Kaliza, umesema Kariza."

"Nimesema Kaliza."

"Iko R, mama. Rudisha usikie."

Tukarudia, tukarudia. Mimi namsikia mama yangu. Yeye anasikia Kigali.

Ni kweli? Miaka yote hii mjini, ulimi umehama bila kuniaga? Nimempigia Kaliza nitume nyingine. Amesema tumechelewa. Mzee amesikiliza, ametikisa kichwa, amevaa miwani, ameingia karakana yake. Hataki kuulizwa mpaka siku yenyewe.

Ijumaa, 14 Machi

Njia ya Msalaba. Halafu rozari. Nimeomba herufi. Sijawahi kumwomba Mungu kitu kidogo hivi.

Jumapili, 16 Machi

Baada ya misa wenzangu wa sokoni wamekuja wote kwetu. Telesphory amevaa koti la harusi yetu, halifungi. Usumani amekuja na swaumu yake, amekataa kiti kizuri. Simu nimeiegemeza kwenye kopo la sukari.

Nimeuona ukumbi! Umejaa. Wazee aliowabebea dawa wamekaa mbele, bibi mmoja akageuka akatupungia mkono. Kaliza amevaa kitenge nilichomshonea mimi. Wameita majina ya ukutani, la daktari, la golikipa, la mchunga kondoo, kisha wakavuta kitambaa.

KABEZA! Chini kabisa, herufi nyeupe kwenye jiwe jeusi. Telesphory amesimama wima kama wanaimba wimbo wa taifa. Nimelia, siwezi kusema sikulia.

Na juu yake, KA. Halafu kofia, imeziba herufi inayofuata. Mzee Murdo amesogea mbele ya jiwe lake, amesimama pale, mabega yanatikisika. Upande wa pili wa kofia, IZA.

Kaliza amesogea kwenye simu, uso umelowa.

"Mama, unaona?"

"Naona, mwanangu. Naona."

Usumani amenitazama. Mara hii hakucheka.

Naandika simu ikiwa bado wazi. Wanaimba kule, nadhani ni wimbo wa yule mchunga kondoo, na sisi huku tunaitikia tusichokijua. Nimeomba na kuomba, na sasa shingo yenyewe nimeacha kuinyoosha kutafuta ile herufi. Mzee hajasogea. Kofia iko palepale.